Mama Aliyeisikia Dunia Ikizunguka

Juzi nilichukua chetezo cha mama mkwe wangu, na makaa yake na ubani wake, nikakitupa uani. Sikukitoa polepole. Nilikitupa. Mtoto wangu ana miezi mitano, alikuwa analia kwa sababu ya meno, au ya tumbo, au kwa sababu watoto hulia, na yule mama akaingia na moshi wake akisema mtoto afukizwe mapema, maana bibi yake mzaa mama alikuwa na mambo, na mambo hayo hushuka kwenye damu. Makaa yalitawanyika kwenye tope yakazimika kwa kelele, kuku wakakimbia. Bwana wangu alinikanya, akasema mtu mzima hafanyiwi vile. Kwa kutupa nimeomba msamaha. Kwa hasira yangu sijaomba, na sitaomba.

Lakini harufu ilibaki ndani ya mapazia mpaka jioni, na mimi nikabaki nayo nimekaa, mtoto kalala kifuani. Ubani hunirudisha kwenye ile nyumba yetu ya mtaa wa Kamenge, mwaka niliokuwa darasa la tatu. Na hayo ambayo mama mkwe aliyaita mambo, mimi niliyaona kwa macho. Niliwaona watu wakimshika mama yangu kichwa wakikiinamisha. Kwa hiyo naandika, kwa ajili yenu wa rika langu mliozaa juzi na mnaletewa vyetezo.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, na mimi nilicheza miguuni pake mchezo wa kudaka mawe, vijiwe vitano nilivyookota kwenye mchanga wa mjenzi jirani. Alishona sare za shule, alifupisha suruali za wanafunzi wa chuo, alikuwa na pini mdomoni na bado anaongea. Siku moja tu, asubuhi, alipogeuka kitandani, alishika godoro kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda nyuma ya lori. Akaniambia nyumba inazunguka. Niliitazama nyumba. Ilikuwa imesimama. Ukutani kulikuwa na mjusi, na hata mjusi hakuwa na wasiwasi. Baada ya muda mfupi mama aliachia godoro, akaamka, akapika chai.

Ikawa hivyo. Akisimama ni mzima. Akitembea ni mzima, ila taratibu. Akiketi kwenye mashine, miguu inakanyaga kama kawaida. Lakini akiinama kuokota kitu, au akilala chali, au akigeukia upande wa kulia, dunia inamchukua. Akaanza kulala ameketi, mgongo ukutani, amezungukwa na mito aliyoishona kwa mabaki ya vitambaa vya watu. Nilifikiri ni heshima fulani, kama malkia. Alikuwa anaogopa kulala, na mimi nilikuwa naona ufalme.

Alienda kwenye zahanati, wakampa dawa ya malaria. Akarudi, wakampima tansio, yaani presha, wakasema iko sawa, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyemuuliza swali zaidi ya moja.

Halafu ikaja Idi. Tuliswali uwanjani, wanawake nyuma, mimi pembeni mwa mama na gauni langu jipya lenye lesi aliyoishona yeye. Imamu alipokwenda sijida ya kwanza, uwanja wote ukashuka, na mama akashuka nao, paji la uso likagusa mkeka, kisha akapinduka. Alianguka ubavu, akamwangukia mama mwingine, na huyo akapiga kelele katikati ya swala. Sikuwahi kuona watu wengi vile wakijaribu kutotazama.

Siku hiyohiyo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa na nyumba na shamba la mahindi kule Carama, alikaa sebuleni kwetu akafanya hesabu yake. Alikuwa mwanamke mwenye akili, hilo sikatai, na ndiyo sababu wote walimsikiliza.

"Muangalie wenyewe," alisema. "Akisimama, muzima. Akienda soko, muzima. Akitaka kumusujudia Mungu, anatupwa chini. Sasa ni nani huyo anayemukataza kusujudu?"

Jibu lilikuwa limeshaingia na kukaa. Ugonjwa unaomshika mtu kwenye sijida tu! Nani kati yenu angesema malaria? Baba, ambaye alikuwa mekaniki wa magari na hakuogopa injini yoyote, aliangalia mikono yake.

Wakamleta mwalimu mmoja wa dini kutoka mtaa mwingine, mtu mpole, sauti ndogo, hakuwa mlaghai. Aliamini alichokuwa anakifanya. Mama alikalishwa mkekani, akafunikwa shuka, chetezo kikawekwa mbele yake, na mwalimu akamshika kisogo akakiinamisha juu ya moshi huku akisoma. Niliambiwa nikae nje. Nilichungulia dirishani. Kichwa cha mama kilipofika chini, mwili wote ulirushwa, akakamata mguu wa mwalimu kwa mikono miwili, akaomba aachiwe. Wanawake wakanong'onezana kwamba amejibu. Yaani yule wa ndani amejibu.

Waliinamisha kichwa chake, akaanguka, wakasema jini amejibu. Wakarudia wiki iliyofuata. Wakarudia tena. Nikifika hapa kwenye kukumbuka, hasira inanirudia.

Lakini niseme ukweli wote: mimi mtoto sikukasirika. Nilistaajabu. Katika darasa letu kulikuwa na mtoto wa polisi na mtoto wa mwenye duka la simu, lakini hakuna mwingine ambaye mama yake alikuwa na mtu ndani. Na muda si mrefu nikapata maelezo mazuri zaidi. Mwalimu wa shule alileta chungwa, akalichoma kijiti katikati, akalizungusha mbele yetu, akasema dunia ndiyo hii, inazunguka hivi mchana na usiku, haipumziki. Mtoto mmoja akauliza mbona hatuanguki. Mwalimu akasema kwa sababu hatuisikii. Hakuna mwanadamu anayeisikia.

Nilikaa juu ya mikono yangu nisije nikainyoosha. Kwa sababu mimi nilimjua mmoja.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa anashona kola. Nilimuuliza, inazungukaga kwenda upande gani? Akajibu bila kuinua macho, kulia. Basi nikatosheka. Baba alikuwa na kawaida ya kuweka bisibisi ndefu juu ya injini, na mpini wake sikioni, akasikiliza sauti ambazo mwenye gari hazisikii. Nikajiambia mama yangu ni hivyohivyo, ila yeye injini yake ni dunia nzima. Nilimwangalia akivuta uzi, nikaogopa kidogo, kama unavyoogopa ukipita karibu na kitu kikubwa.

Kilichoharibu furaha yangu ni beseni. Mama alikuwa ananiosha uani, akainama kuchukua sabuni, akaniangukia, nami nikaangukia ukingo wa simenti nikapasuka juu ya jicho. Alama bado ninayo. Shangazi alikuja, akatazama bandeji, akasema maneno yake kwa baba mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati. Shule ikifunga, Ijumaa, atakuja kunichukua. Nitakaa Carama mpaka mama asafike. Kama hatasafika, nitakaa huko huko, nitasoma huko. Mtoto halali nyumba moja na kitu kama kile. Baba akasema labda kwa muda kidogo. Mama alikuwa ameketi katikati ya mito yake, na mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua kipande kilekile cha kitambaa.

Sasa msikilize jinsi tulivyofika kwa daktari, kwa sababu hatukufika kwa akili ya mkubwa yeyote wa familia.

Kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari, Janine, aliyepanga chumba nyuma ya msikiti. Alileta bluzi yake nyeupe ya hospitali ifupishwe mikono. Pini ikaanguka. Mama akainama kuiokota kabla hajakumbuka, akashika meza, macho akayafumba. Janine hakukimbilia kumshika. Alisimama akimtazama, midomo inasogea. Alikuwa anahesabu. Mama alipofungua macho, Janine akamuuliza maswali mengi, moja baada ya jingine, akilala inakuwaje, akigeuka inakuwaje, kisha akasema:

"Mama, mi naona si kichwa. Ni sikio."

Mama alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu Idi. Akamwambia sikio haliumi, halitoi usaha, linasikia mpaka umbea wa nyumba ya tatu, na kwamba wanafunzi wa siku hizi wanataka kujifunzia kwa mafundi cherehani. Janine naye akacheka, lakini hakuacha. Alisema yeye hana ruhusa ya kumgusa, bado anasoma. Lakini kuna daktari wa masikio. Madaktari hao nchi nzima unawahesabu kwa vidole, na huyu mmoja anapokea wagonjwa kila Alhamisi kwenye kliniki ndogo huko Gihosha. Akaandika njia nyuma ya patroni, karatasi ya kukatia sketi.

Baba alisema leo sikio, kesho itakuwa pua. Lakini hakukataza.

Alhamisi ya kwanza tulipanda mlima kwa miguu, maana kwenye gari kila kona ilikuwa inamtapisha. Nilitembea mbele, mkono wake begani kwangu. Nilikuwa fimbo yake. Tukakuta mlango umefungwa, mlinzi akasema daktari ameitwa hospitalini, turudi wiki ijayo. Mama aliketi kwenye jiwe la barabarani muda mrefu. Na kesho yake ya Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa Ijumaa ya shangazi. Hakulia. Aliniambia tu, "Tutarudi," akaniwekea mkono begani, tukashuka.

Alhamisi ya pili mlango ulikuwa wazi. Tulisubiri tangu asubuhi, kati ya mzee aliyekuwa anapiga kelele kwa kutosikia na mtoto aliyejitia haragwe sikioni. Tulipoitwa, nilitegemea mtu mkubwa. Alikuwa mfupi, mikono ya shati ameikunja, msalaba mdogo shingoni, na hakuwa na haraka. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Watu wazima wote waliomshughulikia mama walikuwa na haraka.

Alimuuliza upande gani. Mama akasema kulia. Akamuuliza ikianza inachukua muda gani.

"Mi sina saa, dokta," mama alisema, na akaona haya kidogo. "Lakini huwa nasoma Kulhuwallahu. Nikimaliza ya tatu, inakuwa imeisha."

"Kila mara ya tatu?"

"Kila mara. Ya nne sijawahi kufika."

Daktari aliandika hilo. Aliandika sura ya mama yangu kwenye karatasi yake kama vile ni kipimo cha maabara.

Halafu akampandisha kitandani, miguu imenyooshwa, akamgeuza uso upande wa kulia, akamwambia kizunguzungu kitamjia, yeye anakijua, na hakitamwua. Akamlaza chali kwa ghafla, kichwa kikaning'inia nje ya kitanda mikononi mwake. Mama alipiga ukelele akamshika mkono. Na mimi nikaona macho yake. Yalikuwa yanakimbia. Mboni zilikuwa zinaruka na kurudi, zinaruka na kurudi, kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuyaendesha macho yake hivyo. Nilijua kwamba ndiye huyo, ndiye jini, amekuja mpaka machoni kuchungulia.

Daktari akatabasamu. Si kwa dharau. Lilikuwa tabasamu la baba yangu anapoweka bisibisi kwenye injini akapata mahali sauti inapotoka. Akaniita nisogee.

"Kuja uone, mutoto. Usiogope. Unaona macho inaruka? Hiyo ndiyo sikio inaongea." Kisha kwa mama: "Usifunge macho. Soma ile sura yako, mi nangojea."

Mama akasoma. Kichwa chini, machozi yanaingia kwenye nywele, alisoma Kulhuwallahu kwa sauti, na yule mtu wa msalaba akashika kichwa chake kama unavyoshika yai la mtu, akangoja. Mwishoni mwa ya tatu macho yalitulia. Akageuza kichwa polepole kwenda kushoto, akangoja. Akamgeuza mwili mzima alalie ubavu wa kushoto, pua ikitazama sakafu, akangoja. Akamketisha. Mama alitapika kidogo kwenye beseni, akaomba radhi. Baada ya muda akarudia tena vilevile tangu mwanzo, akamlaza chali na kichwa kulia. Nikajikaza nione macho yakikimbia.

Hayakukimbia. Yalikaa mahali pake kama maji ya ndoo iliyowekwa chini. Mama akatazama dari. Akatazama dari kama mtu aliyeonyeshwa mali.

Hakukuwa na sindano. Hakukuwa na dawa, wala kisu, wala moshi. Mikono miwili tu, na kujua kichwa kielekee wapi na kingoje kiasi gani. Nimemaliza sekondari, nimezaa, nimeona mengi, na mpaka leo sijaona kitu kilichonizidi kama hicho. Walikuwa wamekiinamisha kichwa kilekile mara tatu na kuuita ugonjwa jini. Huyu alikigeuza mara mbili akampa mama yangu dunia iliyosimama.

Akatueleza. Alisema ndani kabisa ya sikio kila mtu ana vijiwe vidogo, vidogo kuliko punje ya chumvi, na ndivyo vinavyomwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Vya mama vimetoka mahali pake vikaingia kwenye vijia vya maji. Akiinamisha kichwa vinatembea, na ubongo unadhani ni yeye anayezungushwa. Alichofanya ni kuviongoza virudi nyumbani.

Mimi nilikuwa nimesimama na vijiwe vitano mfukoni. Nikakumbuka siku moja kimoja kilinitoka mkononi kikampiga mama shavuni.

"Si mimi niliviweka," nilisema.

Daktari hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wangu. "Apana. Ni Mungu aliviweka. Hata we uko navyo." Nikashika masikio yangu yote mawili.

Mama alikuwa anafunga mtandio wake. Aliuliza bila kumtazama, kwa ile sauti aliyotumia na mafundi wenzake asipotaka kudanganywa.

"Kwa hiyo si jini."

"Majini mi siyajui, mama. Hii naijua."

"Na kusujudu?"

"Leo lala umeegemea. Kesho, sujudu vile unataka. Na kama siku moja inarudi, na we urudi."

Tulishuka Gihosha, mkono wake hauko tena begani kwangu. Nilitembea natazama vichwa vya watu. Mwanamke aliyebeba ndizi kichwani alikuwa navyo. Polisi wa barabarani alikuwa navyo. Wale vijana wa baiskeli waliokuwa wanashuka mlima bila breki walikuwa navyo, na mlevi mmoja aliyekuwa anashikana na ukuta alikuwa navyo, maskini vyake vilikuwa na kazi nyingi siku ile. Mji wote ulikuwa umebeba vijiwe ambavyo haujui, na vijiwe vilikuwa vinausimamisha. Nilitembea kichwa wima, nisivimwage vyangu.

Ijumaa asubuhi shangazi alikuja kama alivyosema. Alikuwa ameshafunga nguo zangu kwenye kitenge, fundo la juu kabisa limekazwa. Baba aliegemea mlango, hajaenda gereji. Mama alitoka uani na udhu wake mbichi usoni, akatandika mswala katikati ya sebule, mbele yetu wote. Alfajiri alikuwa ameswali kwenye kiti, nilimwona, aliogopa. Sasa alisimama kuswali Dhuha.

"Wifi, kaa kwa kiti," shangazi alimwambia, na kusema haki, alimwambia kwa huruma.

"Apana. Leo sikai."

Akaanza. Akarukuu, akainuka. Kisha akashuka, magoti, mikono, paji la uso. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nikaanza kusoma kimoyomoyo. Ya kwanza. Mgongo wake haukusogea. Ya pili. Shangazi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Ya tatu, na hapo ndipo nilipoacha kupumua. Nikaingia ya nne. Nikaimaliza. Nikasoma ya tano, ya sita, na mama yangu bado yuko chini, ametulia kama kitu kilichopandwa.

Alipotoa salamu, kulia na kushoto, alimgeukia wifi yake hapohapo mkekani.

"Nguo za mutoto, zirudishe mahali yake."

Shangazi alihangaika na lile fundo muda mrefu, alilikaza mwenyewe. Hakuomba radhi siku ile, wala baadaye mpaka anakufa. Alipomaliza kupanga nguo zangu kwenye sanduku alirudi akakaa, akanywa chai, akauliza kama huyo daktari anaangalia na masikio ya watu wengine, maana lake la kushoto huwa linapiga filimbi.

Wote walipoondoka nilikwenda kwa mama. Nilimuuliza mbona alikaa chini muda mrefu vile.

"Nilikuwa nangoja izunguke," alisema. "Sikuisikia."

Akavuta mashine, akatia uzi kwenye sindano, akainama kuokota pini iliyoanguka, akaiokota tu, kama mtu yeyote. Na mimi, niliyebaki nyumbani kwa mama yangu, niliyetakiwa kufurahi na nilikuwa nafurahi, nilisikitika kidogo pia. Mwalimu wa shule alikuwa amesema dunia haipumziki. Na Kamenge nzima hakukuwa na mtu mwingine tena wa kumuuliza inakwenda upande gani.